Barua Niliyokiandikia Chuo Chako

Molenbeek, Jumamosi alasiri, Septemba 2012

Mwanangu Odile,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili msafiri. Nakusalimu pia kwa niaba ya marehemu mama yako, Joséphine, ambaye angekuwapo angekusalimu wa kwanza nami ningefuata, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu. Naomba hali yako iwe njema utakaposoma maneno haya. Kama haitabaki njema baada ya kuyasoma, kosa hilo unihesabie mimi.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii ilipaswa kuandikwa mwezi wa Januari, jioni ile uliporudi kutoka Uingereza ukaketi jikoni na koti bado mwilini. Februari nilinunua karatasi. Wakati wa Kwaresima nilijiambia kwamba ni kipindi kifaacho kwa jambo la namna hii, na Kwaresima ikapita. Sasa sanduku lako limesimama ukumbini, limefungwa kwa mkanda wangu wa suruali kwa sababu kufuli yake siiamini, nawe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Nimebakiwa na saa tatu.

Uniwie radhi pia kwa kutumia Kiswahili hiki cha mapadri, kile unachosema kinanuka ubani. Ningeweza kuandika Kifaransa. Lakini Kifaransa changu nilikitumia vibaya mwaka jana, utaona hivi punde, na sitaki kukuletea maneno ya leo katika chombo kile kile.

Maagizo ya baridi, ya chakula na ya watu wa kukaa nao sina. Kina mama wa kwaya wamekupa ya kutosha miaka mitatu.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo unachokwenda kesho kilipokea barua kutoka Bruxelles, isiyo na jina, ikidai kwamba maelezo yako binafsi, yale uliyoyapeleka kuomba nafasi ya udaktari wa meno, yalitungwa na mtu mwingine. Tangu Januari unaamini kwamba aliyeiandika ni Tantine Régine, mdogo wake mama yako, aliyekuosha na kukusuka tangu ulipobaki yatima. Miezi minane hujamsalimu. Si yeye aliyeandika. Ni mimi, baba yako.

Ningeweza kuishia hapo na kutia sahihi. Nimekaa kitambo nikiutazama mstari huo. Lakini umesoma na kuomba na kukataliwa na kuomba tena, na unastahili kujua jinsi mtu anavyofika mahali kama pale nilipofika. Nami sikufika kwa siku moja.

Unajua kwamba pale misheni, kabla hujazaliwa, nilikuwa karani wa Padri Mkuu. Nimekueleza habari za taipureta na za kalenda ya ukutani. Kazi yangu halisi sikukueleza. Kila mwaka vijana waliandika barua kuomba kuingia katika shule ya walimu, na mimi nilizisoma kabla ya Padri. Sokoni palikuwa na mzee aliyeziandika kwa malipo ya kuku, na barua zake zote zilikuwa na mwanzo mmoja na machozi mamoja. Nilijifunza kuzinusa. Kila niliposhuku kwamba mwombaji hakuandika mwenyewe, niliweka msalaba mdogo wa penseli kwenye pembe ya karatasi. Padri hakuuliza. Alizitenga zenye msalaba, akasema, “Anaclet ana pua.” Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwanangu, na sifa hiyo ilinishibisha kuliko mshahara.

Mwaka mmoja ilikuja barua ya kijana aitwaye Kasongo. Ilikuwa nzuri mno. Haikuwa na mwanzo wa mzee wa sokoni, wala machozi yake. Ilieleza jinsi alivyomfundisha babaye kuhesabu kwa kutumia misumari. Nilijiambia kwamba mtu wa kijiji kile hawezi kuandika hivi, bila shaka amepata mwandishi wa bei ya juu zaidi. Nikaweka msalaba. Miaka sita baadaye nilikwenda mjini kushona koti la harusi. Fundi alipenda kuzungumza, na ukutani alikuwa amebandika matangazo aliyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya wateja, na kabla sijamaliza kusoma la kwanza niliujua mwandiko, na nilizijua sentensi. Alinipima mabega kwa upole sana. Aliniuliza kama nimesoma, nikasema ndiyo kidogo, akasema yeye pia alitamani ualimu lakini barua yake haikupendeza. Nililivaa koti hilo siku nilipomwoa mama yako. Sikumwambia kitu Kasongo, wala mama yako. Wewe ndiwe wa kwanza.

Sasa tuje kwako.

Ulipoomba mara ya kwanza, uliyaandika maelezo yako kwa Kiingereza, kisha kwa heshima ukanitafsiria kwa Kifaransa ili niyapitie. Nilifurahi kupita kiasi. Nilichonga penseli mbili. Nilikuta umeandika, “Ninataka kuwa daktari wa meno na ninaweza.” Nilikata “ninaweza” nikaweka, “Nikisaidiwa, nitathubutu kujaribu.” Mwanzoni niliongeza ombi la radhi kwa kuwasumbua wasomaji watukufu. Katikati nilikuelekeza ueleze kwamba hustahili. Mwishoni niliweka radhi nyingine, kwa ajili ya makosa ya uandishi ambayo hayakuwemo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika kwa wakubwa: anayejisifu anafungiwa mlango, anayejishusha anafunguliwa. Uliyatazama masahihisho yangu kwa muda mrefu. Ulisema, “Papa, una uhakika?” Nikakujibu kwamba nimekwisha kusoma barua za maombi kwa mamia, nyingi kuliko wewe. Hukubishana. Uliyarudisha yote katika Kiingereza kama nilivyoyapanga.

Vyuo vyote vinne ulivyoomba vilikukataa. Wewe, badala ya kulia, ulipiga simu kuuliza sababu, na mama mmoja wa chuo cha tatu alikuwa mwema akakueleza. Uliniletea maneno yake mezani, nusu ukicheka: kwamba mwombaji anaomba msamaha mara nyingi hata wasomaji walianza kujiuliza amekosa nini.

Nilicheka nawe. Ndani sikucheka. Nilishuku kwamba mama yule ni mjeuri. Halafu nilishuku kwamba umeyatunga wewe ili kuniondoa kazini. Sikushuku penseli zangu.

Mwaka uliofuata ulipata kazi kwenye kliniki ya meno hapa karibu na mfereji, ukiosha vyombo na kuwashikia wagonjwa taa, na jioni uliandika upya. Lakini safari hii hukuniletea kitu. Nilipoingia, ulifunika kompyuta taratibu, bila ufidhuli, kama mtu anayefunika chakula ili nzi wasitue. Na kila Jumamosi ulikwenda mtaa wa Koekelberg. Nilipouliza, ulisema kuna Mkenya anayefundisha Kiingereza, Bwana Musyoka, anayekusaidia. Nikauliza anadai kiasi gani. Ukasema hadai kitu.

Hapo usingizi ukanitoka. Mtu mzima, ana mke, ana Jumamosi zake, anampa binti wa watu bure? Nilimweleza Tantine wasiwasi wangu, naye akanijibu kama kawaida yake, akiniita shemeji kwa Kifaransa, “Beau-frère, weye hata Malaika Gabrieli akikuya kukuletea habari njema, utamuomba kitambulisho.” Nikaendelea kushuku.

Jumamosi moja nilikufuata. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilikufuata. Niliacha metro moja ipite, nikapanda iliyofuata, nikavaa kofia ile ya kahawia usiyoipenda. Nilisimama katika bustani mbele ya Basilika nikiwa na rozari mkononi, ili mtu akinitazama anione nasali. Nilisimama saa mbili. Nyumba ya Musyoka ni ile yenye baiskeli za watoto mlangoni, na pazia la jikoni lilikuwa wazi. Nilikuona mezani. Mkewe alikuwa akikaanga kitu, mtoto mmoja alikuwa amelala kwenye mapaja yako, na yeye Musyoka aliketi mbali, mikono nyuma ya kichwa, akisema neno moja moja, nawe ukiandika, ukifuta, ukiandika. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani ametulia. Mimi niliona neno moja moja lile, nikasema: anamsomea, naye ananakili.

Wiki hiyo hiyo ulisahau mkoba wako kitini. Nilitoa karatasi, nikachukua kamusi yako. Kiingereza changu ni cha maandishi ya chupa za dawa, kwa hiyo nilitumia mchana mzima kwa ukurasa mmoja. Ulipoanza, hukuanza na wewe. Ulianza na mimi.

Uliandika kwamba ulipokuwa na miaka kumi ulinisindikiza kwa daktari wa meno. Kwamba daktari alisema meno yangu manne yanaweza kuokolewa kwa kutibiwa mizizi. Kwamba baba yako alisema kwa adabu kubwa yang'olewe yote, na yaling'olewa, na tangu siku hiyo baba yako anaziba mdomo anapocheka. Kisha ukaandika sentensi ninayoijua sasa kwa moyo: “Baba yangu hamwamini mtu yeyote, na mimi nataka kujifunza jinsi ya kumtibu mtu kama yeye.”

Nilifunga kamusi. Nilijiambia kwamba mtoto wangu, niliyemlea kwa heshima, hawezi kumwanika babaye mbele ya Waingereza. Hii ni kazi ya Mkenya. Nilifikiri nimenusa.

Waingereza husoma maelezo hayo hayo katika vyuo vyote vinne, lakini mimi niliandikia kimoja tu. Katika orodha yako kulikuwa na jina ulilolipigia mstari. Nilichagua hilo. Niliandika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, kama mtoto, ili mwandiko wangu usijulikane, na nilipeleka barua kwenye sanduku la posta kabla hujarudi kutoka kazini. Ukiniuliza kwa nini, nina majibu matatu, na yote matatu nayashuku. La kwanza ni kwamba nilitaka kukulinda, maana udanganyifu ukigunduliwa baadaye ungefukuzwa kwa aibu. Ndilo nililojiambia njiani. La pili ni kwamba nilikuwa nimetukanwa. La tatu ni kwamba meza hii ina viti vitatu, na kimoja kimekuwa wazi miaka kumi na mitatu. Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa Bwana Musyoka kumwambia aache kuichezea familia yangu. Alinifungulia mwenyewe, mtoto begani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akaniletea chai ya maziwa, akasema:

“Mzee, mimi sijaandika hata mstari mmoja. Kazi yangu ni kumuuliza, kwa nini, halafu, halafu ikawaje. Anayejibu ni yeye. Na ile aya inayokuhusu wewe, mimi nilimwambia aitoe. Nilimwambia, kwetu Ukambani mzazi haanikwi hivyo, tafuta mfano mwingine. Akakataa.”

Nikamuuliza alikataa akisema nini.

“Alisema akiitoa, atakuwa amebaki na sababu ambazo kila mtu anazo.”

Chai ilikuwa tamu mno, nikainywa yote. Mgeni alikuwa ametetea heshima yangu mezani kwake, na mimi nilikuwa nimekwisha kuandika. Ningeweza kupeleka barua ya pili siku ile ile, kusema kwamba ya kwanza ni ya uongo. Nilipofikiria, niliona kwamba ya pili lazima iwe na jina ili iaminiwe. Sikuipeleka.

Januari ukaitwa kwenye usaili. Ulirudi, ukaketi jikoni, ukasimulia. Walikuuliza maswali ya kawaida, kisha mwalimu mzee akasema wana jambo la kukueleza kwa haki, akakutajia barua. Alisema ni mashtaka yenye adabu kuliko yote aliyowahi kupokea, hata mshtakiwa anaombewa afya njema. Wakakuweka chumbani peke yako na karatasi tupu, nusu saa, uandike tena kwa nini unataka kazi hii. Ukaandika. Walipolinganisha, wakakupa mkono.

Nilikusikiliza nikiwa nimesimama karibu na sinki. Ukaanza kuhesabu watu kwa vidole. Ni nani aliyejua habari za Koekelberg? Ulinitaja mimi wa kwanza, kisha ukakunja kidole changu ukasema, “Papa hapana. Papa anasaini hata karatasi ya fundi wa bomba.” Ukaendelea. Ukafika kwa Tantine. Ni kweli alikuwa akikusihi usiende mbali, akisema hapa kazi ya uuguzi ipo, na Uingereza huna mtu. Ni kweli aliwahi kusema kwamba hao wazungu wakijua unasaidiwa watakufukuza. Ukasimama, ukavaa koti, ukaenda Chaussée d'Ixelles, kwenye saluni yake, ukamwambia uliyomwambia mbele ya wateja wake. Mimi nilibaki. Nilikuwa na ngazi zote za nyumba hii za kukuita urudi. Sikukuita.

Ulipopata nafasi mwezi wa Machi, nilifurahi, na barua yao niliishika mbele ya dirisha kuona kama mhuri ni wa kweli. Uliniona ukacheka. Siku ya kuzaliwa kwako Tantine alileta sombe ya majani ya muhogo katika sufuria iliyofunikwa kwa kitenge. Ulibaki chumbani. Alinikabidhi sufuria mlangoni, akanitazama kitambo, akasema tu, “Irudishe sufuria, si kama ile ingine.” Nilidhani anaona haya. Nilifikia hatua, mwanangu, ya kushuku kwamba labda kweli na yeye aliandika ya kwake.

Jumanne iliyopita, ukiwa unanunua buti za mvua, nilikwenda saluni. Alikuwa katikati ya kichwa cha mama mmoja. Alisema, “Beau-frère, kaa kwanza. Siwezi kukusikiliza na mikono mu nywele ya muntu.” Nikakaa, kofia magotini, karibu saa mbili, katikati ya wanawake waliokuwa wakizungumza Kilingala juu ya mume wa mtu. Mteja alipoondoka, nilisimama, nikamwambia kwa maneno machache kwamba niliyeandika ni mimi. Alikuwa akifagia nywele. Hakuacha kufagia.

“Mi nilijua tangu Januari.”

Nikamuuliza alijuaje.

“Odile alikuya hapa na kelele, akasema ile barua ilikuwa na heshima mingi, ilikuwa inamuombea afya. Bon. Mu Bruxelles yote, ni nani ingine anaweza kumushitaki muntu na kumuombea afya mu barua moya?”

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza na kubeba mzigo usio wake. Hapo aliacha kufagia.

“Mutoto alishapoteza maman. Tantine iko mingi, hata mu salon hii utapata tatu. Papa iko moya. Sasa mi ningesema nini? Nikupokonye kwake? Nilikuwa nangoja weye. Nilisema, atakuya wiki hii. Nikasema, atakuya Pasaka.” Akachukua tena ufagio. “Weye unashuku kila muntu, beau-frère. Ile siku moya ya kushuku weye mwenyewe, ulikuwa wapi?”

Nilimwomba radhi, akasema radhi zangu anazijua, ni nzuri, zina kola kama shati la Jumapili. Anataka nikuambie wewe.

Nimekuwa nikijiuliza tangu Jumanne kwa nini nakubali sasa, wakati unaondoka, wakati huwezi kunikasirikia kwa zaidi ya saa moja. Huenda hilo nalo ni hila. Nakuachia ulitazame. Usinifariji kwa kusema kwamba barua yangu ilikusaidia, kwamba bila hiyo wasingekupa karatasi tupu na kuona unavyoandika. Kasongo hakupewa karatasi tupu.

Kitu kimoja tu katika maelezo yako si sahihi, na naomba ruhusa kukisahihisha, kwa mara ya mwisho, bila penseli. Uliandika kana kwamba sikumwamini daktari kwa sababu ya nchi nilikotoka, na ya tuliyoyaona. Haikuwa hivyo. Nilipofungua kinywa, daktari alimwambia msaidizi wake neno kwa Kiflemi, lugha nisiyoielewa, na msaidizi akatabasamu. Basi. Labda walisema habari ya chakula cha mchana. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha pembeni, na niliona kwamba umeliona lile tabasamu, na sikutaka wayatazame meno yangu dakika moja zaidi mbele yako. Kuokoa meno kulihitaji kurudi mara nne. Kung'oa kulihitaji mara moja. Siku utakapokuwa na taa yako mwenyewe na mgonjwa akakuambia kwa adabu kubwa ung'oe yote, sina la kukufundisha, nitakuambia tu kwamba mimi, kama mtu angeniuliza pale pale, “Umesikia nini?”, ningejibu.

Sentensi ile nyingine, ya kwamba simwamini mtu yeyote, iache kama ilivyo. Ni ya kweli. Nilikwenda kwa Bwana Musyoka jana kumwambia hivyo, na kumwambia habari ya barua. Alikasirika, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mpole namna ile, na aliniambia nisikanyage kwake mpaka wewe ujue. Ana haki. Niliondoka bila chai.

Sijui utanitazamaje. Nimekuwa mtu wa kujua watu watanitazamaje kabla hawajanitazama, na mara nyingi nilikuwa nimekosea, kwa hiyo safari hii sitabahatisha. Ukitaka kukaa miezi minane bila kunisalimu, nitaihesabu kuwa ni kipimo cha haki. Nambari ya Tantine ni ile ile. Saluni hufunguliwa saa nne asubuhi, lakini kesho haitafunguliwa kwa saa ya kawaida, na sababu yake ni hii.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katika mfuko wa koti lako, uikute ukishavuka bahari. Tantine alikataa. Alisema huko ni kuandika bila jina mara ya pili. Nikamwomba basi aibebe yeye, akakataa tena, akasema yeye si posta yangu. Jana jioni alipiga simu akakubali, kwa sharti moja. Kwa hiyo kesho tukifika stesheni ya Midi, kabla ya kuingia upande wa treni ya Uingereza, utamkuta Tantine Régine amesimama, na bahasha mkononi. Nitampelekea leo jioni, na nimemwomba asiifunge. Ataikabidhi kwako na utaisoma hapo hapo, kwenye benchi. Tutakuwa tumefika mapema, nimehakikisha, saa nzima mapema. Na sharti lake ni kwamba mimi nisiende kununua gazeti, nisiende msalani, nisijifanye natazama ubao wa treni. Nitasimama karibu naye, mbele yako, mpaka umalize.

Baba yako,

Anaclet Mwamba